Kutu ya Mwili na Macho ya Wazee Wetu



Ndugu msomaji, miaka michache iliyopita, mwishoni mwa Misa ya Dominika, tulisoma tangazo ambalo hadi leo tunatamani lisingalitoka kinywani mwetu. Tangazo lilisema kwamba Jumamosi iliyofuata kungekuwa na semina ya afya ya wazee ndani ya ukumbi wa parokia, na kwamba wataalamu kutoka mjini wangetoa elimu juu ya kuondoa sumu mwilini na kurudisha ujana wa seli. Tuliliona kuwa jambo jema. Wazee wa Ihanda hawafikiwi mara nyingi na mtu wa kuwaeleza habari za miili yao, na ukumbi ulikuwa wazi siku hiyo. Hatukuuliza wataalamu hao wamesomea wapi, wala wamebeba nini ndani ya gari lao.

Walikuwa wamebeba vidonge. Kopo moja liliuzwa shilingi 85,000, na kila aliyepimwa kwa kifaa chao cha kushika mkononi aliambiwa kwamba seli zake zimechakaa na kwamba anahitaji makopo matatu mfululizo. Miongoni mwa walionunua alikuwamo mama mmoja mjane, aliyevuka miaka 70, mwana-WAWATA wa siku nyingi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Alilipa kwa fedha za kahawa, zile alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mbolea ya msimu. Alimeza vidonge kwa uaminifu, asubuhi na jioni, kama mtu asalivyo Malaika wa Bwana. Miezi sita baadaye tulipomtembelea kumpelekea Komunyo, alitutambua kwa sauti tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Padre. Karibu. Unisamehe, siku hizi naona moshi hata kabla sijawasha moto."

Jambo jingine tulilibaini siku hiyo, nalo lilituuma zaidi. Jumuiya yake husali kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Zamu ilikuwa imeanza kuiruka nyumba yake. Tulipodadisi, hakuna aliyetaka kusema wazi, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kuzunguka: mtoto wa jirani alikuwa amefariki kwa homa, na mama huyu ana macho mekundu.

Kila Mtanzania anajua maneno hayo yanaweza kufika wapi. Kwa miaka mingi, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kama Shinyanga, Mwanza, Geita na pia Tabora, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho yao. Huku kwetu kusini-magharibi kumekuwa na makundi ya wale waitwao lambalamba au kamchape, wanaozunguka vijijini wakidai kuwafichua wachawi kwa malipo. Basi makala hii ndiyo semina tuliyopaswa kuitoa sisi wenyewe Jumamosi ile. Sisi si madaktari. Seminarini tulifundishwa falsafa na teolojia. Haya tunayoyaeleza tumeyapata kwa kusoma, na kwa kuwasumbua waganga kwa maswali tangu siku ile.

Hewa ituhuishayo na kutuchakaza

Bati jipya la nyumba hung'aa, na baada ya masika kadhaa huanza kuwa na madoa mekundu. Parachichi lililokatwa likaachwa mezani hugeuka kahawia kabla ya chakula kwisha. Mafuta ya kupikia yaliyokaa muda mrefu bila kifuniko hubadilika harufu. Mambo haya matatu yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini mhusika ni mmoja: oksijeni, sehemu ile ya hewa ambayo pasipo hiyo hatuwezi kuishi hata dakika kumi. Oksijeni hupenda mno kushikamana na vitu vingine na kuvibadili. Wanaokwenda kutazama kimondo cha Mbozi pale Ndolezi, si mbali na kwetu, hustaajabu kwamba lile pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 12 halijaliwa likaisha. Sehemu ya jibu ni kwamba ndani yake kuna nikeli, zaidi ya asilimia 8, nayo hupunguza kasi ya kutu. Lakini haiizuii kabisa.

Mwili nao una kutu yake. Karibu kila seli ya mwili ina vyumba vidogo viitwavyo mitokondria, navyo ni kama jiko la seli: humo sukari na mafuta tuliyokula huunguzwa kwa oksijeni ili kupata nguvu. Sasa, hakuna jiko lisilorusha cheche. Katika uunguzaji huo, sehemu ndogo ya oksijeni huchepuka ikawa kitu kikali ambacho wanasayansi hukiita radikali huru. Hii ni chembe iliyopungukiwa na elektroni moja, nayo haitulii mpaka imnyang'anye jirani yake. Jirani aliyenyang'anywa naye hugeuka mnyang'anyi. Ni kama kijiji ambamo mtu mmoja ameibiwa jembe, akachukua la jirani usiku, na jirani naye akachukua la mwingine. Kufika asubuhi, ugomvi umeenea mtaa mzima ingawa jembe lililopotea ni moja. Ndani ya seli, mitaa inayoumizwa ni mafuta ya utando, protini, na hata vinasaba.

Mwenyezi Mungu hakutuacha bila walinzi. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich, wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, walieleza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzikamata cheche za kwanza na kuzigeuza kuwa haidrojeni paroksaidi. Hiyo ni dawa ileile ambayo mhudumu wa zahanati huitumia kusafishia kidonda. Msomaji aliyewahi kusafishwa kidonda kwa dawa hiyo anakumbuka povu jeupe linalofura. Povu lile ni oksijeni inayotoka, kwa maana mlinzi wa pili, kimeng'enya kiitwacho katalesi, yumo katika damu na nyama ya kidonda, naye anaivunja dawa ile kuwa maji na oksijeni papo hapo. Kinachoonekana kwenye kidonda kwa macho hufanyika kimyakimya ndani ya seli usiku na mchana. Yupo na mlinzi wa tatu, glutathioni, ambaye tutamkuta tena katika jicho.

Kijana mwenye afya ana walinzi wa kutosha. Cheche zinapowazidi walinzi, ama kwa sababu cheche zimeongezeka ama kwa sababu walinzi wamechoka, ndipo madaktari husema mwili umeingia katika msongo wa oksijeni. Sukari ikiwa juu katika damu kwa miaka, cheche huongezeka. Sigara, moshi wa kuni na jua kali huziongeza pia. Na umri huwachosha walinzi.

Hapa tuongeze jambo ambalo wauza vidonge hawalisemi. Cheche hizi si adui tu. Askari weupe wa damu huzitengeneza kwa makusudi ili kuchoma vijidudu wanavyovikamata. Seli huzitumia pia kama ishara za kupashana habari. Mwili uliozimwa cheche zote usingemaliza hata mwezi mmoja mbele ya maradhi ya kawaida. Kinachotafutwa ni kadiri, na kadiri haipatikani kwa kumimina maji jikoni.

Seli nazo huzeeka

Aliyeunganisha cheche na uzee ni Denham Harman, Mmarekani aliyeanza kama mkemia katika kampuni ya mafuta kisha akasomea udaktari. Mwaka 1956 alichapisha hoja kwamba kuzeeka kwenyewe ni jumla ya madhara ya radikali huru yaliyolimbikizana. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka, ikapendwa mno. Ndiyo mama wa vidonge vyote vinavyouzwa leo kwa jina la kurudisha ujana.

Lakini ukweli umekuwa na mikunjo zaidi, na mkunjo mmojawapo umetoka Afrika Mashariki. Katika nyanda kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia anaishi chini ya ardhi fuko mdogo asiye na manyoya, mwenye sura ambayo hakuna atakayeisifu. Panya wa nyumbani wa ukubwa wake huishi miaka mitatu au minne. Fuko huyu huvuka miaka 30. Kwa hoja ya Harman mtu angetazamia kumkuta na mwili usio na kutu. Watafiti walipompima, mwaka 2006, walikuta kinyume chake: mwili wake umejaa alama za kutu tangu ujanani, kuliko hata za panya, na bado anaishi. Kwa hiyo kutu ipo na ina madhara, ila si saa pekee inayohesabu miaka yetu. Mwili unavyojua kukarabati na kustahimili kuna uzito mkubwa pia.

Ipo saa nyingine. Mwaka 1961 Leonard Hayflick alionesha kwamba seli za binadamu zikikuzwa katika chupa hugawanyika kiasi cha mara 50 hivi, kisha hukoma. Sababu mojawapo ilikuja kueleweka baadaye, na watu watatu, Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2009 kwa kuieleza. Ncha za kromosomu zina kitu kiitwacho telomea. Akina mama wetu wataelewa upesi: telomea ni kama pindo la kitenge, linalozuia nyuzi zisifumuke. Katika seli nyingi, kila seli inapogawanyika pindo hukatika kidogo. Likifika mahali pa kufumuka, seli huacha kugawanyika. Na cheche tulizozisema huliuma pindo hilo, likapungua upesi zaidi.

Seli iliyokoma kugawanyika haifi lazima. Hubaki mahali pake, imestaafu lakini haijanyamaza: hutoa kemikali zinazowasha na kuvimbisha tishu za jirani. Seli za namna hiyo zikiwa chache, mwili huziondoa. Uzeeni huwa nyingi. Uvimbe huo wa chini kwa chini, usio na homa wala jeraha la kuonekana, ni sehemu ya chanzo cha magonjwa mengi ya wazee tunaowapaka mafuta ya wagonjwa kila mwezi. Lehemu iliyopata kutu hunasa katika kuta za mishipa, askari weupe wakaila mpaka wakavimba na kufa papo hapo, na mishipa ikawa myembamba. Matokeo yake ni kiharusi na maradhi ya moyo. Viungo, figo na ubongo navyo vina hadithi zake, lakini tutazipita, maana tumekusudia kufika kwenye macho.

Lenzi isiyobadilishwa maisha yote

Ngozi ya mkono wako si ile uliyokuwa nayo mwaka jana. Seli zake zimekufa na kuzaliwa nyingine. Damu nayo hubadilishwa kila baada ya miezi minne hivi. Lenzi ya jicho haiko hivyo. Protini zilizo katikati ya lenzi yako ziliumbwa ungali tumboni mwa mama yako, na ni zilezile unazosomea makala hii. Ili mwanga upite bila kizuizi, seli za ndani ya lenzi hutupa karibu kila kitu chao, hata kiini chenye vinasaba, zikabaki mifuko ya protini iliyopangwa kwa utaratibu wa ajabu. Gharama ya uangavu huo ni kwamba haziwezi tena kutengeneza protini mpya. Kilichoharibika kimeharibika.

Kwa hiyo lenzi huishi kwa ulinzi peke yake, na mlinzi mkuu ni yule glutathioni tuliyemtaja. Kadiri miaka inavyokwenda, anafika kwa taabu katikati ya lenzi. Cheche zitokanazo na mwanga wa jua, sukari, tumbaku na moshi huanza kuzishika protini, zikashikamana na kuganda. Tazama ute wa yai unavyokuwa mweupe juu ya kikaango: protini ni zileile, ila mpangilio umevurugika, na mwanga haupiti tena. Hicho ndicho kinachoitwa mtoto wa jicho. Hakiletwi na mtu, wala hakitupwi na jirani. Ndicho chanzo cha kwanza cha upofu duniani na hapa nchini.

Wekundu wa macho ni jambo tofauti, na tunaomba msomaji azingatie tofauti hii. Mtoto wa jicho huweupisha mboni. Hafanyi jicho kuwa jekundu. Wekundu wa muda mrefu kwa mama mzee wa kijijini mara nyingi ni moshi. Fikiria binti aliyeanza kupuliza moto akiwa na miaka saba, akapika ugali, maharage na pombe ya msibani katika jiko lisilo na dirisha hadi akafika miaka 70. Utando wa juu wa jicho umewashwa kila siku kwa zaidi ya miaka 60. Wengine wameugua pia trakoma ambayo imepindua kope zikakwaruza jicho. Wanaume wa rika lake walikaa nje wakisubiri chakula, ndiyo sababu macho yao ni meupe. Hakuna aliyewahi kusema kwamba weupe huo ni ushahidi wa utakatifu.

Na moshi uleule unaowasha jicho kwa nje unahusishwa pia na mtoto wa jicho. Tafiti za India na Nepal, nchi ambazo wanawake wake hupika kama wetu, zimekuta ugonjwa huo zaidi kwa wanawake wapikao kwa kuni na samadi kuliko kwa wapikao kwa nishati safi. Kwenye mapafu ushahidi ni mzito zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, kwa nimonia ya watoto, kiharusi, maradhi ya moyo na ya mapafu.

Katika Maandiko, Isaka alikuwa mzee asiyeona, na kuhani Eli vilevile. Mwana wa Isaka alimdanganya kwa sababu ya upofu wake, na hilo ni kosa lake, lakini hakuna mahali wazee hawa wanaposhtakiwa kwa sababu ya macho yao. Tunashangaa ni wapi jumuiya zetu zimejifunza usomaji mwingine.

Je, vidonge havisaidii?

Swali hili ni halali. Ikiwa cheche zinaharibu lenzi, na vitamini A, C na E huzima cheche, kwa nini mtu asimeze vitamini nyingi? Madaktari nao waliuliza hivyohivyo, wakafanya majaribio makubwa. Huko Finland, wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara walipewa vidonge vya vitamini E, au vya beta-karotini, ile inayoipa karoti rangi, au vyote viwili, au vidonge vitupu, kwa miaka mitano hadi minane. Matokeo yalitolewa mwaka 1994. Waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Jaribio jingine la Marekani, juu ya wavutaji na watu waliofanya kazi penye vumbi la asbesto, lilisimamishwa kabla ya wakati mwezi Januari 1996, kwa sababu waliokuwa wakimeza walikuwa wakiugua na kufa zaidi.

Kuhusu mtoto wa jicho hasa, jaribio la Marekani lililohusisha zaidi ya wazee 4,000 kwa muda wa miaka zaidi ya sita lilitoa majibu mwaka 2001: vitamini C, E na beta-karotini kwa dozi kubwa hazikuzuia wala kuchelewesha mtoto wa jicho. Ili tusiwe wadhulumu, tuseme kwamba jaribio hilohilo lilionesha faida kwa ugonjwa mwingine wa uzeeni, ule unaoharibu sehemu ya nyuma ya jicho, kwa wagonjwa waliokuwa wamefikia hatua fulani. Faida hiyo ilipatikana kwa kupimwa na daktari wa macho, wala haikutokana na kushika kifaa ukumbini.

Chakula ni habari nyingine. Wanaokula mboga za majani, matunda, maharage na karanga huugua kidogo maradhi ya moyo na kisukari, na hili limeonekana mara nyingi. Ila faida inatoka katika chakula kizima, wala hakuna aliyefaulu kuikamua akaitia koponi. Mchicha, majani ya maboga, maharage ya Mbozi, parachichi na papai viko mlangoni petu. Hata kahawa yenyewe ina viambata vingi vya kuzima cheche. Wakulima wetu huiuza yote, kisha hununua kwa mara mia ya bei vitu vinavyosemekana kuwa na sifa ileile. Jambo hili lingetuchekesha kama tusingekuwa tumelitangaza wenyewe altareni.

Yanayowezekana

Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji, na kwa upasuaji tu. Lenzi iliyoganda hutolewa, na lenzi ndogo ya plastiki huwekwa mahali pake. Kwa kawaida mgonjwa hapewi dawa ya usingizi, bali hutiwa ganzi, na kazi huwa imekwisha ndani ya nusu saa hivi. Hakuna tone la dawa, kidonge wala majani yanayoiyeyusha lenzi iliyoganda. Zaidi ya hayo, kutia jichoni dawa za majani, mkojo au maziwa ya mama huleta vidonda vya kioo cha jicho, na upofu huo hauondolewi kwa urahisi. Mzee anayeona ukungu aanzie zahanati. Atapelekwa hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa pale Vwawa, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda jijini Mbeya. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na umekuwapo utaratibu wa kuwapa wazee wasiojiweza msamaha wa gharama za matibabu. Viongozi wa jumuiya waulize ofisi ya kijiji kabla ya kuchangisha.

Kuhusu moshi, Serikali ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati unaolenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Tunauunga mkono, lakini tunajua mtungi wa gesi ukiisha kijijini huwa meza ya kuwekea redio. Kwa leo, dirisha la pili katika jiko, kuni zilizokauka vizuri, sufuria yenye kifuniko, na jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi vinapunguza sana. Vijana wa VIWAWA wanaweza kutoboa dirisha kwa siku moja. Waliokwisha kufanya hivyo katika vigango viwili wanajua tunasema nini.

Presha na sukari zipimwe, kwa kuwa ndizo zinazoongeza cheche bila kutoa sauti. Kofia pana shambani inalinda macho. Tumbaku iachwe, na ugoro pia.

Baba Mtakatifu Fransisko aliweka mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Dominika ya nne ya Julai, na mwaka uliofuata alitoa mfululizo wa katekesi za Jumatano juu ya uzee. Katika parokia yetu siku hiyo sasa ni siku ya kupima macho, na hakuna kitu kinachouzwa.

Tukimrudia yule mama: tulimwendea tukamwomba radhi kwa tangazo lile. Alicheka, akasema kwamba hata yeye angaliuliza kwanza. Mwanawe na katekista walimpeleka hospitali, akapasuliwa jicho la kulia. Zamu ya sala ya jumuiya tuliomba ianzie kwake, na tukaenda sisi wenyewe. Kwanza walifika watu wanne. Wiki iliyofuata, ingawa haikuwa zamu yake tena, walifika wengi zaidi kumjulia hali, na wengine walikuja na wazazi wao wasioona vizuri kutaka kujua imekuwaje. Yule jirani aliyefiwa hakuja. Bado tunamtembelea.

Siku bandeji ilipofunguliwa alitutazama kwa muda mrefu. "Kumbe Padre," akasema, "nawe una mvi nyingi hivyo!" Juu ya rafu ya jikoni kwake, karibu na dirisha jipya, makopo yale matatu bado yapo. Anawekea mbegu za mchicha. Jicho la kushoto limepangiwa upasuaji mavuno ya kahawa yatakapokwisha.